Laini Ina Mtu

Jumanne, saa nne asubuhi, Opereta aliiweka ruta mpya juu ya meza ndogo ya sebuleni, kati ya redio na kopo la vifungo, akasubiri iwake. Ilikuwa nyeupe, nyepesi kuliko alivyodhani, na ilikuja pamoja na kishikwambi alichotumiwa na bintiye. Taa ya kwanza ikawaka kijani. Ya pili, ya waifai, nayo ikawaka kijani. Ya tatu ikawaka nyekundu, ikabaki hivyo. Kwenye kioo cha kishikwambi alama ya waifai ilikuwa imejaa pomoni, na chini yake palikuwa na maneno madogo: Umeunganishwa, hakuna intaneti.

Aliyasoma mara tatu. Kwa mtu aliyeishi mjini kwa kazi ya kuunganisha watu miaka ishirini na tisa, maneno hayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Mtu ama umemuunganisha, ama hujamuunganisha. Hakuna cha katikati.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mtaani. Waliobaki wakimkumbuka walimwita Opereta, kwa sababu alikuwa amekaa kiti namba nne cha swichibodi, kwenye jengo la simu, akichomoa waya huku na kuchomeka kule, na kumwambia kila aliyepiga kwa sauti laini, "Subiri kwenye laini, usikate." Kisha jengo likafungwa. Swichibodi ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na yeye akarudishwa nyumbani na cheti cha utumishi mwema ambacho kilikuwa kimekosewa tarehe.

Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa mbali, safari ya ndege mbili. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki tatu zilizopita. "Jumamosi saa kumi jioni, mama," alikuwa amemwambia kwenye simu ya mkononi. "Kwa video." Opereta akajibu kwamba sauti tu ingemtosha, asijisumbue. 

"Sauti yako nimekulia nayo," binti akasema. "Sasa nataka nikuone uso. Na wewe umwone huyu. Mara hii tu, mama, nikupate."

Kwa hiyo Opereta alikuwa na siku nne. Aliizima ruta, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Taa ya tatu ikawa nyekundu. Akaihamishia dirishani, kisha juu ya kabati, kisha akairudisha mezani na kuiomba radhi kwa kuisumbua. Akapiga simu huduma kwa wateja, akawekewa muziki, na mwishowe akapokelewa na dada mwenye mafua aliyemuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha. Opereta alimsikiliza kwa sikio la kazi, akatambua dada huyo anaupeleka mdomo karibu mno na kipaza sauti. Alipokata, alichukua sindano, akabonyeza kitundu kidogo nyuma ya ruta mpaka taa zote zikazimika. Zikarudi zote, na ya tatu ikarudi na wekundu wake.

Alhamisi akaja fundi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye begi mgongoni na ngazi begani, na aliongea kama anayemtuliza mgonjwa.

"Waifai usiihesabu, mama," alisema, akiwa amechuchumaa mbele ya meza. "Waifai ni umbea wa humu ndani. Ruta na kishikwambi wanapiga soga. Hata nikikata waya wa nje wataendelea kusalimiana mpaka wachoke. Intaneti ndiyo mgeni wa kutoka nje, na mgeni wako hajaingia."

"Kazuiliwa na nini?"

"Ndilo tunalotafuta."

Akatoka, akapanda nguzo, akashuka. Waya ulikuwa mzima. Akaurudia ukutani, akaupima, akakuna kidevu. Kisha akauliza kama simu ya mezani ya zamani bado ipo. Opereta aliitoa chini ya kitanda, ikiwa imefungwa kwenye foronya. Fundi akaipangusa, akaichomeka kwenye tundu lililo nyuma ya ruta, akaweka mkonga sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitarajia.

"Laini ina mtu," alisema. "Intaneti yako inapita kwenye waya ule ule wa zamani, sasa huku ndani kuna simu iliwekwa isubiri, haikuachiwa. Mlipofunga swichibodi mlimwacha humo."

"Ya tangu lini?"

Fundi akatazama kipimo chake. "Miaka thelathini na moja na miezi mitano. Si ya kutisha. Mtaa wa pili nimekuta ya bwana na mchumba wake, wamenuniana tangu mimi sijazaliwa, kila mmoja anasubiri mwenzake akate kwanza." Akamkabidhi mkonga. "Dawa yake ni nyepesi. Sasa hivi imepokelewa. Ukirudisha mkonga mahali pake, anakatika, laini inafunguka, taa inakuwa kijani. Hata mimi sihitajiki."

Akaandika kwenye fomu yake kwamba hitilafu imetambuliwa, Opereta akatia saini, naye akabeba ngazi yake akaenda.

Opereta akaweka mkonga sikioni.

"Haloo," ilisema sauti ya mtoto wa kike. "Naomba namba nne."

Opereta akavuta kiti akakaa. Sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Namba nne anakusikiliza," alisema.

"Shikamoo bibi. Samahani, wewe si namba nne. Namba nne ni mama yangu."

"Marahaba. Ndiye mimi, mwanangu."

"Hapana, bibi," mtoto alisema kwa adabu. "Sauti ya mama haijachoka hivyo. Ameniambia nisubiri kwenye laini, nisikate. Nasubiri."

Kwenye jengo la simu ilikuwa marufuku kupokea simu za nyumbani. Waliokamatwa walikatwa mshahara wa siku, na namba saba alifukuzwa kabisa. Kwa hiyo Opereta alikuwa amemfundisha mwanawe, akiwa na miaka saba, namna ya kupiga: omba namba nne, akipokea mwingine, usiseme wewe ni nani wala unataka nini, ukimpata mama na msimamizi akawa anapita, utaambiwa usubiri, basi usubiri. Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Opereta alikuwa akijivunia hilo mbele ya wenzake.

Ijumaa yote alishinda na mkonga. Aliuegemeza kwenye kopo la sukari wakati wa kula, akaubana kwa bega alipokuwa akiosha vyombo, waya ukivutika mpaka mwisho wake. Mtoto hakuwa msumbufu. Muda mwingi alipumua tu, na mara moja moja aliimba kitu kisicho na maneno. Alipoulizwa amekaa wapi, alisema amekaa kwenye kiti cha dirishani, kile chenye mguu unaocheza. Opereta alikuwa amekaa hicho hicho. Akasogea kidogo pembeni, ingawa alijua haisaidii.

"Una njaa?"

"Nimeshakula, bibi. Kulikuwa na mkate."

"Ulitaka kumwambia mama nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Nitamfikishia."

"Mama amesema watu wa swichibodi tusiwaambie mambo ya nyumbani," mtoto alisema. "Usinielewe vibaya."

Opereta alicheka peke yake sebuleni. Alijaribu kuikumbuka siku yenyewe akashindwa. Siku zote zile zilifanana. Alikuwa akirudi saa moja jioni masikio yakivuma, amebeba kichwani sauti za watu mia mbili, na nyumbani palikuwa na sheria kwamba mpaka baada ya chakula mama hasemeshwi. Masikio yanapumzika. Mtoto alijifunza kuomba maji kwa kidole na chumvi kwa macho. Jirani mmoja aliwahi kuuliza, kwa nia njema, kama binti alizaliwa bubu.

Mara tatu siku hiyo aliupeleka mkonga mpaka karibu na mahali pake. Alikuwa na hamu kubwa ya kumwona mjukuu, na alijua vizuri kwamba kinachomtenganisha naye ni kuushusha mkono inchi mbili. Lakini katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kumkatia mtu simu, hata walevi, hata waliomtukana. Na huyu hakuwa mlevi. Kumkata huyu kungekuwa kumfukuza mlangoni baada ya kumwambia angoje.

Jumamosi alivaa gauni lake la bluu, akachana nywele, akakiegemeza kishikwambi kwenye redio na kukaa mbele yake, mkonga sikioni. Saa kumi ikafika. Kioo kilimwonyesha uso wake mwenyewe na maneno yale yale madogo. Saa kumi na dakika saba simu ya mkononi ikalia. Akaiweka kwenye spika, akailaza mezani.

"Shikamoo mama. Nakupigia hupatikani."

"Marahaba, mwanangu. Waifai ipo. Intaneti ndiyo haijaingia."

"Si uliniambia fundi amekuja?"

"Amekuja. Laini ina mtu." Opereta akavuta pumzi. "Ni wewe. Una miaka saba. Nilikuweka usubiri, nikasahau kurudi."

Kule mbali kukasikika mtu akihamisha mto.

"Ah, yule," binti alisema. "Bado yupo?"

"Bado."

"Rudisha tu mkonga, mama."

"Lakini ni wewe."

"Ndiyo maana nakwambia. Mimi niliacha kusubiri nilipofikisha miaka minane. Huyo hatapungukiwa na kitu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeelekeza mahali nguo za zamani zilipo, ili zigawiwe. Opereta angependelea hasira.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini siku hiyo?" akauliza. "Ananificha."

"Jino. Jino la mbele lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimelishika mkononi."

"Sikuliona."

"Najua. Uliona pengo wiki iliyofuata, ukaniuliza nimegombana na nani."

"Ungeniambia jioni yake."

"Jioni masikio yako yalikuwa yanapumzika, mama."

Opereta akageukia mkonga. "Mwanangu," alisema humo, taratibu, "ni jino? Limetoka jino?"

Mtoto alifikiri. "Hapana," akasema, na ilisikika kabisa kwamba kuna hewa inapita mahali ambapo haikupaswa kupita.

"Kumbe nilikuwa na sauti nyembamba hivyo," binti alisema kwenye spika. Kisha akasema, kwa haraka kidogo, "Mama, sikiliza. Nimevaa vizuri, nimemvalisha na huyu. Mwanga wa dirishani ni mzuri sasa hivi. Weka mkonga chini, nitapiga tena. Ni dakika moja."

"Anafanana na nani?"

"Utamwona mwenyewe. Weka mkonga chini."

Mkono wa Opereta ukashuka. Ulishuka mpaka mkonga ukagusa vile vitufe viwili vya kukatia simu, bila kuvibonyeza, na kutoka humo ikasikika sauti ndogo ikisema, "Bibi? Mama ameshakaribia?" Mkono ukapanda tena. Opereta akafumba macho. Alikuwa anampenda binti yake wa pande zote mbili, wa kwenye mkonga na wa kwenye simu ya mkononi, na hakuna upande aliowahi kuuambia hivyo.

"Nipe mpaka Jumamosi ijayo," alisema.

 Sauti ya binti ikawa ya upole, kama ya mtu anayeongea na wateja.

"Sawa, mama. Jumamosi ijayo."

Wakati huo mjukuu akaanza kulia. Kilikuwa kilio kikavu, cha kudai, na kilijaa sebuleni kote, juu ya meza na ndani ya kopo la vifungo. Opereta akainama mpaka sikio lake likakaribia kuigusa simu ya mkononi. Hakutaka kipotee hata kidogo.

"Anataka kunyonya," binti alisema. "Acha nikate, tutaongea." Na akakata.

Kwenye kishikwambi waifai ilikuwa imejaa. Nje, mtu alikuwa akiburuta kiti uani. Opereta akakaa wima, akauhamishia mkonga sikio la pili, kwa sababu la kwanza lilikuwa limepata moto.

"Bibi," mtoto aliuliza, "nani alikuwa analia?"

"Mtoto mchanga."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko naye. Amekata simu ili amnyonyeshe."

Upande wa pili hewa ikapita kwenye pengo mara mbili, mara tatu.

"Ana bahati huyo," mtoto alisema, akaendelea kusubiri.