Bomba la Kwenye Sinema

Hasira niliyonayo haijapoa, na sitaki ipoe.

Naitwa Verediana. Huu ni mwaka wa kumi na moja natafsiri sinema katika banda la video la Castory, karibu na mwalo wa dagaa wa Kibirizi. Picha inakwenda kwenye runinga, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, naisema kwa Kiswahili. Wenzangu wa mabanda mengine huchomekea vichekesho vyao, jambazi wa sinema wakampa jina la mkwe wao. Mimi siongezi neno. Kiurdu nilikipata nikiwa yaya kwa familia moja yenye duka Ujiji, na mama wa nyumba ile alinirekebisha mpaka matamshi.

Wiki iliyopita tulipata sinema ya kuchekesha ya Kiurdu, ambayo katika nchi ilikotengenezwa ilipigwa marufuku. Waziri anakuja kuzindua bomba la kijiji. Nyuma ya ukuta wameficha gari la maji, mpira umeunganishwa na bomba. Anakata utepe, maji yanamwagika, watu wanapiga makofi. Akiondoka, gari nalo linaondoka. Mwaka unaofuata bomba linapakwa rangi mpya, naye anakuja kulizindua tena. Wauza dagaa walicheka mpaka benchi likavunjika.

Kesho yake mchana mtendaji wa kata aliingia na mgambo wawili, akazima runinga kwa mkono wake.

"Nani kakutuma useme habari za bomba letu?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Hii ni sinema ya Kiurdu."

"Kiurdu kimelijuaje bomba letu?"

Mimi sikulitaja. Yeye ndiye aliyelitaja. Bomba letu limezinduliwa mara mbili, na hata siku za utepe halikutoa tone.

Akaniita mzushi mbele ya watu. Akataka niandike kwamba maneno yale niliyatunga, la sivyo banda linafungwa. Nikakataa. Castory akanivuta pembeni.

"Dada Vere, andika tu yaishe. Wanangu wanakula hapa hapa."

Nilimwelewa, na hilo likanichoma zaidi. Nikamwambia mtendaji kwamba uongo siandiki, ila akinisomea jambo la kweli nitaliandika. Akafikiri, kisha akanisomea: "Mimi Verediana nathibitisha kuwa bomba lililoonyeshwa kwenye sinema si bomba la kata yetu."

"Na itabandikwa mlangoni," akasema. "Kila mtu asome."

Niliandika neno kwa neno. Miaka yote hiyo nimebeba maneno ya watu bila kuyagusa, leo mtu ambaye hata Kiurdu hakijui ananiambia naongeza. Chini ya karatasi palibaki nafasi. Nikaongeza sentensi moja.

Yeye alikuwa anaongea na simu. Akagonga muhuri bila kusoma, mgambo mmoja akaibandika karatasi, wakaondoka na kipaza sauti changu.

Jioni wauza dagaa walijazana pale mlangoni na ndoo zao. Mama Goreth, ambaye hajui kusoma, akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote, sauti yangu tupu bila kipaza, mpaka kwenye mstari wa mwisho, ule ulioangukiwa na muhuri:

"Lile lilitoa maji."

Safari hii hakuna aliyecheka.