Pemba ya Chemchemi ya Moto

Orpa alifika kwa mama yake akihema, karatasi ya maabara anakofanyia kazi imekunjwa kiganjani. Mdogo wake Sephora, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa amekaa kizingitini akitafuna pemba, ule udongo ambao wajawazito huutamani. Mama yao, Colette, aliufinyanga mwenyewe kwa tope la chemchemi ya moto iliyo njia ya Kambove, akaukausha na kuuuza sokoni. Mji mzima wa Likasi ulimsifu.

"Sephora, tema."

"Weye naye. Hata haujasalimia."

"Tema, nakuambia. Tope la mule tumelipima. Iko na kobalti, iko na plomb, ile risasi ya ndani ya batri. Hiyo sumu itamfikia mutoto."

Colette hakuinua kichwa kutoka kwenye sinia lake. "Mama yangu alikula ya mule mule. Minye nilikula na mimba yako, ukazaliwa na akili ya kupata diplome. Leo hiyo diplome inakuja kunifunza udongo?"

Sephora aliacha kutafuna, lakini hakutema. Pemba ya mimba ya kwanza binti hupewa na mama yake mkono kwa mkono. Kuitema mbele yake ni kuikataa baraka. Akabaki na donge shavuni, macho yakienda kwa mama, yakirudi kwa dada.

Orpa aliona karatasi yake haitamfaa kitu. "Mama, zamani wachimbaji wa kobalti walioshea wapi mawe yao?"

"Mtoni."

"Na sasa?"

Vidole vya Colette vilisimama. Juni iliyopita, baridi ilipouma, Hénoc, mume wa Sephora, alikuwa amekuja mikono imepasuka kwa kuosha mawe mtoni. Colette alimhurumia mkwe wake, akampeleka mwenyewe hadi kwenye maji ya moto ya chemchemi. Wiki iliyofuata Hénoc alikwenda na wenzake kumi na mifuko yao. Vumbi la mawe lilituama pale pale Colette anapochota tope.

"Ni minye nilimuonyesha," alisema.

Akaweka kiganja chini ya kidevu cha Sephora, kama anavyofanyiwa mtoto mdogo. "Tema, mwanangu. Nimekuruhusu."

Sephora akatema. "Na ile niliyomeza miezi yote hii?"

"Twende hospitali sasa hivi, wakupime damu," Orpa alisema.

Colette alikwisha kuvaa kandambili. "Nendeni nyinyi. Minye nazunguka kwa wote niliowauzia. Martine alichukua vipande kumi. Na Angèle iko na mapacha tumboni."