Kaburi la Kofia

Nyumba ya Lasisi haikuwa na hati, ila ilikuwa na kaburi, na kule Ikorodu, katika nchi ya Wayoruba, kaburi lina nguvu kuliko karatasi. Wana wa ardhi, wale vijana wa ukoo wa kale wanaozunguka na mapanga wakidai kila kiwanja ni cha babu yao, watakufukuza hata kama umelipa mara mbili. Lakini mtu aliyemzika baba yake mbele ya mlango hafukuzwi. Jambo hilo hata majambazi wanaliogopa.

Lasisi aliyajua hayo. Chifu aliyemuuzia kiwanja alikufa kabla hawajaandikishana, basi alipomaliza vyumba vinane vya kupangisha, vinne vikitazamana na vinne, akajenga na kaburi uani. Akalipamba kwa vigae vyekundu na jina la baba yake, Gbadamosi. Baba mwenyewe alifia Kumasi zamani, mwaka ule Wayoruba walipotimuliwa Ghana, na mwili haukurudi. Kilichorudi ni kofia yake, na ndiyo iliyozikwa. Kila mwaka Lasisi aligawa sadaka ya akara, zile bajia za kunde, pale kaburini na machozi yakamtoka kweli. Mkewe Abeke, aliyezikaanga hizo akara, alimcheka moyoni.

Tena mdomo wa Abeke Mungu hakuutia komeo. Siku moja mpangaji wao Iquo, mjane muuza pilipili, alisimama na karai lake akitafuta jua. Uani mzima jua lilipiga pale kaburini tu. Akauliza kama mzee hatakasirika akianika juu yake.

"Anika tu, dada," Abeke akamwambia. "Humo hamna mtu. Ni kofia."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kicheko hicho kikaenda bombani, kutoka bombani kikafika sokoni, na kutoka sokoni kikamfikia Kamoru, mkubwa wa wana wa ardhi.

Alikuja Jumanne asubuhi na vijana sita, mapanga mikononi na sururu begani. Abeke alikuwa ameinjika karai la mafuta, Lasisi anapiga mswaki. Kamoru alivua viatu kwanza, kwa dharau, kama anayeingia msikitini.

"Baba, tumekuja kumsalimia mzee Gbadamosi," akasema. "Tumesikia siku hizi anakula pilipili."

Vijana wakaangua kicheko. Lasisi akasema aliyelala haamshwi.

"Tutamwamsha taratibu. Tukikuta mfupa, hata wa kidole, tutalala kifudifudi hapa tukuombe radhi. Tusipokuta, wapangaji wako ni wetu kuanzia leo."

Lasisi akamgeukia mkewe. Akamtazama machoni. Abeke angeona afadhali apigwe kofi mbele ya wapangaji wote kuliko kutazamwa vile.

Sururu ya kwanza ikapasua kigae. Lasisi akauchomoa mchi kwenye kinu, akampiga mchimbaji taya, na taya likavunjika kwa mlio uliosikika hadi barabarani. Mwingine akamrukia mzee kwa nyuma. Abeke akalinyanyua karai kwa vitambaa viwili akammwagia mafuta kifuani, na yule kijana akagaagaa chini akimwita mama yake. Wapangaji waliokuwa wakichungulia wakajifungia, mlango mmoja baada ya mwingine. Iquo peke yake alitoka na ufagio. Walimpiga kwa bapa la panga, mkono ukavunjika.

Wakati huo Kamoru alikuwa anachimba. Alichimba haraka, akazamisha mkono, akaibuka na kitambaa kilichooza. Akakikung'uta, akakivaa.

"Huyu hapa baba yako," akasema. "Mbona mwepesi hivi?"

Lasisi akautupa mchi. Alimwendea mikono mitupu, anataka kofia tu, na Kamoru akashtuka akarusha panga. Likaingia kati ya shingo na bega. Mzee akapepesuka hatua mbili na kuangukia ndani ya shimo.

Vijana wakashusha mapanga. Kamoru alilitazama shimo, na hofu ikamjaa usoni, kwa maana alikuwa mwana wa ardhi na sheria ya kaburi aliijua kuliko mtu yeyote pale.

"Toka humo, mzee," akasema. "Baba, tafadhali, toka."

Akamshika miguu amvute. Abeke akaruka shimoni akamlalia mumewe, akamuuma Kamoru mkono mpaka akaonja damu. Iquo alipiga kelele iletwe gari. Abeke alikuwa anajaribu kuziba jeraha kwa kanga yake, naye Lasisi akaiondoa.

"Msinitoe," akasema. "Nimeshafika."

Gari lilipofika alikuwa amekata roho, na wana wa ardhi wametimua mbio. Kofia waliiacha kwenye udongo.

Walimzika alasiri hiyo hiyo, palepale, baada ya shimo kupanuliwa na kuelekezwa kibla. Abeke aliiweka kofia humo mwenyewe. Siku ya nane wazee wa ukoo wa Kamoru walikuja bila Kamoru, aliyekuwa ametorokea Badagry. Wakalala kifudifudi mbele ya kaburi na kutamka kwamba nyumba ile haitaguswa milele. Walisubiri Abeke aseme amewasamehe. Alikuwa hajajisamehe yeye, atawasameheje wao?

Mwezi uliofuata vyumba vyote vilikuwa na watu. Asubuhi moja Iquo alitoka na karai la pilipili kiunoni, mkono mmoja bado umefungwa. Akazunguka uani akitafuta jua, na miguu ikampeleka ilikozoea, kwenye vigae vipya. Akainama amwage.

"Si hapo, dada," Abeke akamwambia. "Humo mna mtu."