Nguo Aliyoagiza Mama Mkwe

Kufikia alasiri Lasmini alikuwa amenunua kila kitu isipokuwa kile alichotumwa. Mikoba ya kusukwa ya mashoga zake, kikaragosi cha ngozi cha kutundika ukutani, maboksi ya bakpia, vile vikeki vya kujazwa, ya majirani; mizigo yote ilikuwa inamkata vidole. Wazazi wake walihama huku wakaenda Lampung, ng'ambo ya bahari, kabla hajazaliwa, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuukanyaga mji wa Yogya. Basi walilokuja nalo lilisubiri nje ya soko la Beringharjo. Warsito, mumewe, alikuwa ameshapiga simu kutoka humo kumwambia achukue batiki yoyote, mama hachagui.

Lakini mama mkwe alikuwa amechagua. Alimpa kipande cha nguo kuukuu, cheusi na hudhurungi, chenye pembetatu ndogondogo, akasema anataka kama hicho hicho. Hakuongeza neno. Lasmini alikuwa ameishi naye nyumba moja tangu aolewe bila kumsikia akiomba kitu, na hakutaka kurudi mikono mitupu.

Alizunguka vichochoro vya nguo mpaka nyayo zikawaka moto. Kila muuzaji alikitazama kipande, akamrudishia, akamtandazia nguo za rangi kali. Alidhani wanamtafutia za bei ya juu.

Mwishowe alijibwaga kwenye kigoda cha Bu Painah, muuza nguo mnene aliyekuwa akijipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Pumzika, mwanangu," alisema Bu Painah. "Kukaa ni bure. Ukikoroma ndiyo utalipa."

Lasmini alikitoa kipande. Alieleza kwamba anataka nguo kama hiyo, tena ishonwe gauni pana la nyumbani, maana mama mkwe hapendi joto. Muuzaji wa kibanda cha pili aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Bu Painah hakucheka. Aliuliza mama huyo ni mtu wa wapi, na hali yake ikoje. Ni mzaliwa wa Bantul, huku huku, Lasmini akajibu. Tangu mvua zianze hatoki sana kitandani.

"Hii ni slobog, mwanangu. Haishonwi gauni. Hufunikiwa maiti."

Lasmini alikumbuka jinsi mama mkwe alivyokikunja kile kipande, taratibu, kama mtu anayemaliza kazi.

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungempelekea?"

Simu ikalia tena. Warsito alisema dereva anapiga honi. Lasmini angeweza kusema imekosekana, na nusu ya soko ingemtolea ushahidi. Badala yake alimtazama Bu Painah, naye akainama kwa kuguna, akachomoa chini kabisa ya rundo nguo iliyofungwa kwa gazeti. Huwa haiweki mbele, alisema, wateja humkimbia.

Lasmini aliichukua nzima, bila kukatwa. Kisha akaomba gauni la nyumbani, lile jepesi kuliko yote, la maua.

"Hilo la nini tena?"

"La kuvaa kwanza."

Bu Painah alimpunguzia bei kabla hajaombwa.

Ndani ya basi, Warsito aliuliza kama ameipata batiki ya mama. Lasmini alisema ameipata. Aliliweka gauni juu ya mizigo, lile furushi la gazeti akalipakata, akavua viatu.