Viti Viwili Nyuma ya Safu

Magoti yangu yaliharibika mwaka aliofariki mume wangu, na tangu hapo naswali juu ya kiti. Katika msikiti wetu mdogo wa kijijini, upande wa kusini wa Blitar, kisiwani Java, kiti changu kinawekwa nyuma kabisa ya safu za wanawake, karibu na mlango wa kutawadhia. Ukikaa pale unaona migongo tu. Nimeizoea. Migongo ya wanawake wa hapa naijua kuliko nyuso zao.

Ilikuwa Ramadhani, swala ya tarawehe. Mjukuu wangu Wening alikuwa safu ya mwisho, mbele yangu, pamoja na wasichana wenzake. Imamu akasema Allahu Akbar, safu nzima ikarukuu. Migongo ikalala sawa ndani ya nguo nyeupe za kuswalia, kama meza ndefu iliyotandikwa kitambaa. Mmoja haukulala. Upande wake wa kulia uliinuka, wa kushoto ukabonyea. Nikafikiri nguo imejikunja. Rakaa iliyofuata nikatazama tena. Haikuwa nguo.

Wening alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, binti yangu Tutik, yuko Taiwan anatunza mzee wa watu, na baba yake alishaoa kwingine. Kwa hiyo mgongo ule ulikuwa wangu wa kushughulikia.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Vua blauzi, Nduk, uniinamie."

"Nimefanya nini tena, Mbah?" Huku kwetu bibi au babu huitwa Mbah, na msichana Nduk.

"Hujafanya kitu. Inama kama unarukuu."

Akainama. Nikapitisha kiganja kutoka bega moja hadi jingine. Kulia kulikuwa na kilima, kushoto bonde.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Imeanza lini?"

"Imeanza lini nini?"

Hakuwa akijua. Nani anauona mgongo wake?

Nilimpeleka kwanza kwa Mbah Paijem, mkandaji wetu, kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angefanya. Alimkanda Ijumaa kadhaa kwa mafuta ya nazi, akasema ni mshipa umeruka, na kosa ni langu. "Ulimbeba kwa shuka kiunoni, upande mmoja kila siku. Mtoto umembeba kama ndizi, leo amekuwa ndizi, unashangaa nini?" Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Wening naye akacheka. Kila Ijumaa alitoka pale na joto mwilini na usingizi machoni, na mgongo uleule.

Ndipo tukaenda hospitali ya mkoa.

Picha ya eksirei ilipotundikwa kwenye taa, niliona mifupa ya mjukuu wangu imejipanga kama mtu anayetaka kuandika herufi ya S akaishia njiani. Daktari alichora mistari miwili, akapima. Nyuzi thelathini na moja. Aliongea haraka, kwa hiyo tulipotoka nilimfuata Bu Ambar, mama wa mazoezi ya viungo, nikamwomba anieleze tena polepole.

"Kwanza, Mbah, si kosa lako," alisema. "Wala si mkoba wa shule, wala kukaa vibaya. Inaitwa skoliosisi. Uti wa mgongo unapinda kwenda pembeni, na huku unapinda unajizungusha, ndiyo maana mbavu za upande mmoja zinasukumwa nje. Kwa watoto wengi wa umri huu hatujui sababu."

"Mbona haumwi?"

"Mara nyingi hawaumwi. Ndiyo maana wanacheleweshwa. Wewe uliona wapi?"

Nikamwambia. "Hata sisi hapa tunawainamisha hivyohivyo," akasema.

Akanieleza kwamba mpindo ukiwa mdogo wanautazama tu kwa miezi. Ukizidi sana, ukifika kama arubaini na tano au hamsini, wanaanza kuzungumzia kupasua na kufunga vyuma mgongoni. Katikati hapo, kwa mtoto ambaye bado anarefuka, wanamvalisha kizibao kigumu cha plastiki na kumfundisha mazoezi.

"Kukanda je?"

"Kukanda kunalegeza misuli. Mfupa haunyooki kwa kukandwa."

"Na kizibao kitamnyoosha?"

"Tusidanganyane, Mbah. Tunamvalisha ili mpindo usizidi. Mpaka mifupa imalize kukua."

Niliuliza mara ya pili nisije nikaelewa vibaya. "Kwa hiyo akivaa vizuri kabisa, atabaki hivi?"

"Atabaki hivi. Mtu anaishi vizuri tu na mgongo wa hivi."

Nikamtazama Wening. Alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani. Sikuhisi kitu. Tangu mume wangu azikwe mambo mengi yananifikia hivyo, kama sauti ya redio ya nyumba ya jirani. Nikauliza choo kiko wapi, basi.

Kizibao kilitengenezwa kwa kumfunga plasta kifuani kwanza wapate umbo lake, kisha kikaja cheupe, kigumu, na mikanda mitatu mgongoni. Ndani kilikuwa na vipande vya sifongo vya kumsukuma mahali palipotokeza, na nafasi tupu upande wa bonde. Saa ishirini kwa siku. Avue kwa kuoga na kwa mazoezi. Usiku alale nacho.

Hakulia. Alivaa kama anavyovaa sare za shule. Shuleni wavulana wakagundua kwamba ukimgonga mgongoni panalia ko ko ko. Wakawa wanapita nyuma yake, wanagonga, "Hodi! Kuna mtu humo?"

Siku moja nilimpelekea chakula nikasikia mwenyewe. Mvulana akagonga, "Hodi, mwenye nyumba yupo?"

Wening hakugeuka. "Hayupo," akasema. "Kaenda Taiwan."

Wavulana wakacheka mpaka wakaketi chini. Yeye aliendelea kufuta ubao.

Tutik alipopiga simu ya video alimwambia, "Vaa, mwanangu. Vumilia."

"Sawa, Mama."

"Kinabana?"

"Kawaida."

"Una raha lakini?"

"Sawa, Mama."

Ni katika miezi hiyo Wening aliposhika dini. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuswali huku sikio liko jikoni. Sasa adhana ikianza tu, anavua kizibao, anatawadha, anaingia chumbani. Anaswali faradhi, anaongeza suna ya kabla na suna ya baada. Asubuhi za likizo anaswali dhuha. Baada ya Magharibi haondoki kwenye mkeka mpaka Isha, Kurani iko mapajani. Nikiamka kwenda Alfajiri namkuta yeye yuko sijidani tangu kitambo.

Jirani yetu Bu Sarpini alikuwa anamwona dirishani. "Mbah, huyo mjukuu wako ameshakata tiketi," akasema. "Mie wangu hata Fatiha anaikimbiza kama ana deni nayo."

Nilifurahi. Nasema kweli, kilikuwa kitu cha kwanza kunifurahisha tangu msiba. Mama yake yuko mbali, mgongo ndio huo, lakini Mungu anamjua.

Baada ya nusu mwaka tukarudi hospitali. Nyuzi thelathini na saba.

Daktari akatazama picha mbili, moja kando ya nyingine. "Unavaa saa ngapi kwa siku?"

"Ishirini," Wening akasema.

Daktari akaandika. Bu Ambar ndiye aliyemwambia ainue fulana. Alimtazama ubavuni kwa muda. "Anayevaa saa ishirini ngozi yake inakuwa na alama hapa na hapa," akasema kwa upole. "Yako kama ya mtoto mchanga." Kisha akanigeukia. "Mbah, mpindo ukipanda tena namna hii, safari ijayo tutakaa na daktari wa upasuaji."

Wening akavuta fulana chini. Kwenye basi aliegemea dirisha mpaka tukafika, na mimi nilishika mfuko wenye picha.

Kuanzia siku hiyo nikamtazama. Kazi ya kutazama naijua. Shuleni alivaa, nilikwenda kuuliza. Usiku alivaa, nilipapasa. Mazoezi alifanya. Nilikuwa nahesabu wapi zinapotelea saa, nami nimekaa nazo nyumba moja.

Alasiri moja baada ya kuoga aliingia chumbani kuswali. Mimi nilikuwa nachambua mchele barazani. Nikamaliza mchele. Nikamaliza na dengu. Nikainuka, nikasukuma mlango taratibu.

Alikuwa sijidani. Kizibao kimeegemezwa ukutani, mikanda inaning'inia. Nikangoja aseme Allahu Akbar ainuke. Hakuinuka. Nikasogea. Shavu lilikuwa limelalia mkeka, mdomo wazi kidogo, na mgongo unapanda na kushuka polepole. Mtoto amelala.

Nilisimama pale. Nikajumlisha Alfajiri, dhuha, adhuhuri, suna zote, na ule muda mrefu kati ya Magharibi na Isha. Mpindo ule ulikuwa unapanda juu ya mkeka wa kuswalia. Na mimi ndiye wa kumwambia apunguze. Mimi, ambaye mama yake sijawahi kumwambia neno kama hilo, wala marehemu mume wangu alipokuwa hawezi kunyanyua kichwa.

Sikumwamsha. Nilikwenda kwa Pak Kiai, anayetuswalisha. Nilimkuta anamwagilia pilipili zake. Nikamweleza yote. Akafunga bomba.

"Kwani anakivua cha nini?"

"Atawadhe, Pak Kiai. Na akiwa nacho hawezi kurukuu wala kusujudu."

"Udhu umeanza lini kuosha mgongo, Mbah? Uso, mikono, kichwa, miguu. Kizibao kinazuia kipi?" Akafungua bomba tena. "Na kuinama, wewe mwenyewe unaswalije?"

Nikarudi nyumbani. Wening alikuwa ameamka, anakunja nguo ya kuswalia.

"Nduk, kuanzia leo utaswali umekivaa."

"Siwezi kuinama, Mbah."

"Utakaa kwenye kiti."

"Viti ni vya vizee."

"Basi utakuwa kizee. Na suna uzipunguze."

Akanitazama, nadhani mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Mbah unanizuia kuswali?"

"Nilikuona umelala."

Akaendelea kukunja nguo, akaikunja ndogo sana, kisha akaikunjua. "Naswali kweli," akasema. "Mwanzo naswali kweli. Halafu nikisujudu nasikia mbavu zangu zinapumua. Hakuna anayenigonga. Hakuna anayeniambia nivumilie. Sitaki kuinuka."

"Najua."

"Mungu amekasirika?"

"Sidhani kama amekasirika. Mimi nimechoka, na mgongo unapanda. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Nikamwambia Alasiri itabaki yake. Anaoga saa hiyo, kizibao kimevuliwa kwa ruhusa, aswali rakaa zake nne chini kwenye mkeka, arukuu, asujudu, kisha avae. Nyingine zote kwenye kiti. Akaichukua mikanda, akageuka nimfunge.

Jioni ile tuliingia msikitini, akaweka kiti chake kando ya changu nyuma ya safu. Bu Sarpini akageuza shingo. "He! Siku hizi watoto wanazeeka kabla ya kuvunja ungo?"

"Nimeanza mapema, Bu," Wening akasema. "Nisije nikakosa nafasi." Wasichana wa safu ya mwisho wakaminya vicheko. Imamu akaanza.

Mazoezi tuliendelea nayo kama Bu Ambar alivyotufundisha. Analala ubavu, mto mdogo chini ya mbavu, nami naweka kiganja kwenye lile bonde la kushoto. "Vuta pumzi uilete hapa. Nisukume mkono." Mwanzoni mkono haukusukumwa. Baadaye kidogo. Siku nyingine hapana. Alama zikatokea ubavuni, nyekundu, mahali alipoonyesha Bu Ambar. Nikamwambia Tutik kwenye simu kwamba ngozi imepata alama, akaanza kulia, nikaona shida kumweleza kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Safari iliyofuata daktari alipima, akafuta, akapima tena. Nilikuwa naangalia kalamu. Nyuma yake, kwenye benchi, daktari wa upasuaji alikuwa amekaa na simu yake, anangoja kama ataitwa.

"Thelathini na nane," daktari akasema. "Tofauti ya moja hatuihesabu, ni mkono wa anayepima. Mpindo umesimama."

Yule wa upasuaji akatia simu mfukoni, akatoka.

"Kwa hiyo nivue?" Wening akauliza.

"Bado. Mpaka mifupa ifunge. Miaka miwili hivi."

"Sawa."

Hakuna aliyelia wala kucheka. Tulikula supu ya kuku na wali kwenye kibanda cha nje ya geti, akaomba yai la pili, nikampa langu.

Tulifika nyumbani Alasiri inaelekea kwisha. Akaoga, akatoka na nguo nyeupe, akatandika mkeka. Nilikaa kwenye kiti changu nyuma yake bila kuanza kuswali. Akafunga swala, akasoma, akarukuu. Nikatazama. Kulia kilima, kushoto bonde, palepale.

Aliposujudu nilingoja. Akainuka.

Nikasogeza kizibao karibu na mkono wangu, kisha nikanuia swala yangu.