Ugonjwa Wangu, Jina la Lois

Orodha ilitufikia Ijumaa asubuhi kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa Deira, huku Uarabuni, kati ya tangazo la mtu anayeuza friji na picha ya mtoto mchanga. Lilikuwa faili la Excel lililovuja kutoka hospitali moja ambako nusu ya grupu hutibiwa. Majina, umri, namba za simu, na safu ya mwisho, ugonjwa. Kila mtu alilaani, na kila mtu alilifungua.

Mimi nililifungua jikoni nikiwa nakata vitunguu. Jina langu sikulitafuta, kwani lisingekuwamo. Nilimtafuta Lois, ninayekaa naye chumba kimoja, maana tangu nimjue huwa namtafuta kila mahali nione kanizidi nini tena. Nikamkuta. Lois Mwita, miaka thelathini na moja, mirija ya uzazi imeziba pande zote mbili.

Ugonjwa ule ulikuwa wangu.

Mwaka mmoja nyuma, 2014, tumbo lilinikata hadi nikashindwa kuinama. Nafanya usafi kwenye ghala huko Al Quoz, na kampuni ndogo kama yetu zilikuwa hazijabanwa bado kuwakatia watu bima. Lois yuko mapokezi ya hoteli, ana kadi ya bima. "Chukua," aliniambia, kama anayeniazima mtandio. Msichana wa kaunta hospitalini aliitazama picha ya kitambulisho cha Lois, akanitazama mimi, akaona mweusi na mweusi, akasema, "Yalla madam, sit," yaani haya, nikae. Niliporudi nilimdanganya Lois kwamba ni vidonda vya tumbo. Ukweli nilimwambia mume wangu Ibra tu, kwa simu, yeye akiwa Tanga. Talaka ilikuja kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. Hakuuliza hata kama nilikuwa naumwa.

Mchana ule ule Chacha alikuja. Ni fundi umeme, mtu wa Tarime, mchumba wa Lois. Alikaa kwenye ngazi za jengo letu, Lois kando yake, akalia mdomo wazi, majirani wanapita na mifuko yao ya sokoni wanamtazama.

"Mama kanipigia, orodha imeshamfikia. Hataki mke asiyezaa," alisema. "Nimemwambia nakuoa hivyo hivyo. Watoto si kitu, Lois. Tutalea wa ndugu zangu."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza. Naona wivu, sifichi. Mirija ni yangu, maumivu niliumwa mimi, talaka nilipewa mimi, halafu analiliwa yeye!

Chacha alipoondoka, Lois aliingia, akafunga mlango.

"Joha, ile siku ya kadi. Havikuwa vidonda, eh?"

Niligeuka nikaanza kukunja shuka.

"Basi. Simwambii mtu. Wakijua habari ya kadi, hoteli wananifukuza, na wewe wanakurudisha nyumbani."

"Na Chacha?"

"Chacha mdomo wake haufungiki, shoga. Nikimwambia leo, kesho Deira nzima inajua. Nitamweleza tukishafunga ndoa. Si mwenyewe umesikia hajaniacha?"

Akanikumbatia. Hata wema alinizidi. Nilitamani kumzaba kofi.

Lakini Chacha hakutulia. Alitaka hospitali ilipie aibu ya mchumba wake. Jumamosi alitupeleka sote wawili kwa Gerishom, Mkenya ambaye ni karani katika ofisi ya wakili karibu na kituo cha metro. Lois alijaribu kugoma, akakosa sababu ya kutoa. Mimi niliambiwa nije nimshike mkono.

"Sikizeni vizuri," Gerishom alisema. "Hospitali imekosa, hiyo haina mjadala. Njia ziko tatu. Ya kwanza, complaint kwa mamlaka ya afya, wao ndio wanaweza kuibana hospitali. Ya pili, polisi. Kuna sheria ya makosa ya mitandao, na siri ya mgonjwa iko ndani. Inashika mwenye alitoa hiyo file, na inaweza kushika hata mwenye ame-forward, so muache kuitumiana. Ya tatu ni kesi ya fidia. Hapo lazima uonyeshe umeumia aje."

"Kaumia!" Chacha alipiga meza. "Mama yangu kamkataa!"

"Pole, bro. Tunaanza na ya kwanza." Gerishom alivuta fomu. "Hii itatafsiriwa kwa Kiarabu, halafu anasaini kwamba kila kitu ni ukweli. Akidanganya hapa, kesi inamgeukia yeye. Madam Lois, hii rekodi ni yako? Ulitibiwa siku hiyo?"

Lois aliangalia meza. "Ni yangu."

Chacha akamwekea mkono mgongoni, akawa anampapasa polepole.

"Mwongo!" nilisema. "Ni yangu mimi."

Ningependa kusema nilitaka kumwokoa asisaini uongo. Hapana. Kilichonishinda ni ule mkono mgongoni. Nikaeleza yote, kadi, msichana wa kaunta, Ibra na sekunde zake. Sauti yangu ilikuwa juu mpaka mtu wa ofisi ya jirani akachungulia.

Gerishom aliweka kalamu chini. Chacha alikuwa anamtazama Lois tu.

"Kwa hiyo wewe ni mzima?"

"Mzima," Lois alisema.

Chacha alicheka kwa nguvu, akainuka na kutoka korido na simu yake. Tulimsikia kupitia mlango akiongea Kikuria na mama yake, anarudia neno moja mara tatu, nne.

"Sister," Gerishom aliniambia, "bado una haki. Siri imetoka ni yako, na kosa la hospitali linabaki kosa. Lakini ukilalamika, wataanza na kadi. Nani alikupa, nani aliitumia. Mtaguswa nyote wawili. Niandike?"

Lois aliniangalia. Jicho lile sikuwahi kuliona kwake. Mwenye kila kitu alikuwa ananiomba mimi. Nilitaka kusema andika. Nilitaka hoteli imtoe nje na sare yake, ajue sakafu ya ghala inavyosuguliwa. Nilimsubirisha, na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

"Usiandike," nilisema mwishowe. Sikumwonea huruma. Niliogopa kurudishwa Tanga, Ibra anione.

Gerishom akaichana fomu. Lois alishusha pumzi na kufuta uso kwa kiganja, hakusema asante. Mlango ukafunguliwa, Chacha akaingia, uso unang'aa.

"Mama kakubali!"

Ndipo akakumbuka kwamba nami nipo. Akanigusa bega.

"Pole sana, dada Joha," alisema. Kisha akavuta kiti karibu na Lois, wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari.