Waridi la Mawe

Bibi Sindano alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomsusa, na hadi leo hawezi kuona uzi sakafuni asiuinamie. Kila alasiri hufagia. Huanza chumbani, akaja varandani, akamalizia uwanja wa mbele, ambao kwa miaka ulikuwa changarawe tupu isiyo na cha kufagia. Lakini ufagio ulimpa shughuli hadi giza liingie. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa kimya kama maji mtungini, naye hakupenda kukaa akakisikiliza kimya hicho.

Alibaki na binti mmoja, kitinda mimba wake, muuguzi huko ughaibuni. Mara ya mwisho alipokuja, binti alisimama mlangoni akasema, "Mama, hapa hakuna hata ua moja la kutazama." Alisema tu, kama watu wanavyolalamikia jua. Mama yake akalimeza neno lile zimazima, akaamini kwamba mtoto haji kwa sababu ya changarawe. Watu wazima nao wana ujinga wao, na ujinga wa mama anayemngoja mwanawe hauna dawa hospitali yoyote.

Basi akafunga safari kwa muuza miche, bwana mmoja mnene mwenye tabia ya kuisemesha miche yake kama wajukuu. Bibi Sindano alimweleza shida yake: mtaani kwake maji ya bomba huja kwa zamu, tena zamu yenyewe hurukwa. Alitaka kichaka kinachovumilia kiu na kuchanua muda mrefu. Muda gani? Hapo ndipo penye kazi, kwa maana binti hakuwahi kutaja tarehe. Akipigiwa simu husema, "Nitapitia, mama, nikipata nafasi." Na nafasi ni mdudu asiyeshikika.

Muuza miche akamtolea vichaka viwili vya mmea aliouita waridi la mawe, ingawa si waridi hata kidogo. Cha kwanza kilikuwa na maua makubwa meupe, kila petali na doa jekundu chini. Maua yake hukaa mpaka jua linatua, ila msimu wake mfupi. Huwezi kugeuka mara mbili kabla hakijakunja mkeka. Cha pili kilikuwa cha rangi ya waridi, petali zimejikunja kama kitambaa kisichopigwa pasi. Hiki huchanua miezi, lakini ua moja ni la asubuhi moja. Mchana likishaona jua kali hudondoka, na kesho yake mengine hufunguka.

"Huyo mgeni wako hufika saa ngapi?" muuza miche akauliza.

Bibi Sindano akacheka. "Mimi siku siijui, wewe unaniuliza saa?"

Akachukua kile cha miezi. Akakipanda penye mawe, akafuata alivyoambiwa: kikishashika mizizi asikimwagie maji ovyo, asikate matawi makuukuu, na asikihamishe kamwe, kwani hakipendi kuhamishwa. Msimu uliofuata kikachanua, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Asubuhi alikunywa chai mbele yake, akikihesabia sifa kwa sauti kama mposaji. Alasiri petali zilipolala kwenye changarawe, alizifagia zote. Mikono iliyozoea kukusanya vipande vya vitambaa haikuweza kuziacha.

Binti akaja bila taarifa, jioni moja. Ameletwa na mkutano wa kazi, alisema, na ndege yake ni alfajiri. Alivuka uwanja simu ikiwa sikioni, akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja. Bibi Sindano akamwandalia chai, akangoja asifiwe. Vikombe vikafika nusu, hajasifiwa.

"Hukuyaona maua yangu?"

Binti akatoka kuangalia. Palikuwa na kichaka cha kijani na changarawe safi, imepigwa ufagio muda si mrefu. "Yapi, mama?"

Mama akamwonyesha vitumba, akaeleza habari ya asubuhi. Binti akasema basi atayaona kesho, akapiga miayo. Lakini gari lilimfuata kabla ya jua, na vitumba vilikuwa vimefumba kabisa. Bibi Sindano alisimama mbele yavyo na tochi mkononi mpaka dereva akapiga honi. Laiti angeacha zile petali chini siku moja tu. Roho ilimuuma, na aliuchukia ule usafi wake.

Jua lilipopanda kichaka kikafunguka chote, kama cha kumkomoa. Alikikasirikia, akakipa mgongo. Ndipo simu ikalia. Binti alikuwa uwanja wa ndege, anasubiri kuitwa.

"Mama, yamechanua?"

"Yamechanua. Mengi." Akajikaza, maana neno lililofuata lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kumwambia. "Lakini mwanangu, usije kwa ajili ya maua. Njoo kwa sababu niko peke yangu. Nyumba hii inanishinda."

Upande wa pili zikasikika sauti za watu wakiburuta mizigo.

"Mbona hukuwahi kusema?" binti akauliza, sauti imebadilika.

Bibi Sindano alikuwa amekwenda kwa muuza miche, amechimba shimo, amengoja msimu mzima, yote ili asilitamke neno hilo moja. Abiria wakaitwa, binti akasema atapiga akifika, simu ikakatika.

Alasiri petali zikadondoka kama kawaida yake. Aliketi varandani akizitazama, ufagio umeegemea ukuta, simu iko mapajani. Giza liliingia bado zipo pale chini.